Mbao Zilezile

Katika miaka yote niliyofundisha ushonaji ukuta mmoja na karakana ya useremala, sikuwahi kuona kigoda kikitoka nje ya lango la chuo chetu. Na si kwamba vigoda havikutengenezwa. Kila muhula nilisikia misumeno ikianza asubuhi na nyundo zikidakia, na muhula ulipokaribia kwisha niliitwa kwenda kuona vigoda vimepangwa juu ya benchi, vimepigwa randa mpaka vinateleza. Mwalimu wa useremala alivipitia kimoja kimoja. Alikikalia, akakiyumbisha, akatega sikio asikie kama kinalia, akasema "Hii ni kiti" au "Hii bado." Alipomaliza alipiga makofi mara moja, na wanafunzi wakaanza kuvifungua vyote.

Nasema kuvifungua, sisemi kuvivunja. Karakanani mwake gundi ilikuwa marufuku, na misumari pia. Kila kitu kilishikana kwa ulimi wa mbao ulioingia katika tundu lake, na ulimi huo ulitoka ukigongwa taratibu kutoka upande wa pili. Baada ya muda mfupi hapakuwa na kigoda tena. Palikuwa na mbao zilizosimamishwa ukutani kwa kufuata urefu wake, zikiwangoja wanafunzi wa muhula uliofuata. Hao nao wangekata zile ncha zenye viungo vya wenzao, wachonge vipya, na mbao zingepungua kidogo. Ubao ulioanza maisha kama mguu wa meza ulishuka ukawa mguu wa kiti, kisha wa kigoda, kisha upande wa kisanduku cha chumvi, na mwisho wake ukaenda jikoni kwa mpishi.

Nilipokuwa mgeni pale chuoni jambo hilo liliniudhi. Darasani kwangu nilikuwa nakalia ndoo iliyopinduliwa, na ng'ambo ya ukuta watu walikuwa wanatengeneza vigoda na kuvifungua. Nilimfuata nikamwambia, "Mwalimu, si mniachie kimoja tu? Mimi nakalia ndoo."

Aliniangalia kama niliyeomba figo yake. "Kaa kwa ndoo, Madam," akasema. "Hii kiti ni ya watoto ya mwaka ujao. Hawajafika, lakini ni yao."

Nilimwona bahili, na sikuficha. Mgeni anayekuja Kakamega hudhani mbao zinatuangukia kutoka juu, kwa sababu msitu uko palepale upande wa Isecheno na ukisimama mahali pazuri unauona. Lakini msitu ule unalindwa, na walinzi wake hawana mchezo na mtu mwenye msumeno. Mbao za kununua zilikuwa kwa wenye mashine mjini, na chuo kilingoja fedha za serikali ambazo zilikawia, na zilipofika ziliishia kwenye rangi ya ukuta. Wazazi wetu wengi walikuwa wakulima wa miwa. Kiwanda cha sukari kilipoanza kusuasua na miwa ikazeeka shambani bila mtu wa kuikata, hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia mzazi wa aina hiyo alete mbao. Kwangu, msichana asiye na kitambaa alikaa akiwatazama wenzake wakishona. Kwa mwalimu wa useremala hakuna aliyewahi kukaa akitazama. Ilinichukua muda kuliona hilo, na nilipoliona niliacha kumsema.

Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, ndani ya koti la kazi la kaki ambalo mkewe alilifua kila Jumamosi na ambalo Jumatatu mchana lilikuwa limerudi rangi ya vumbi la mbao. Penseli ilikaa juu ya sikio lake la kulia na haikuazimwa. Siku ya kwanza ya masomo, kila mwaka, aliwasimamisha wanafunzi wapya mbele yake akainua mikono yote miwili, akaigeuza mbele na nyuma, ili wavione vidole vyake vyote vikiwa vizima.

"Fundi akikuonyesha kidole haipo," aliwaambia, "usimwonee huruma. Muulize siku hiyo alikuwa anafikiria nini."

Hotuba ilikuwa hiyo tu. Baada ya hapo aliwapa randa, na kwa majuma mengi hawakushika kitu kingine. Walipiga randa ubao uliokwisha kunyooka mpaka wakachukia, na wengine walikimbia. Hakuwafuata. Alikuwa na ukali ambao leo ungemletea shida. Hakumpiga mtu hata mara moja, lakini aliweza kuichukua kazi uliyoihangaikia tangu asubuhi, akaitazama, akairudisha mezani kwa vidole viwili bila neno, akaenda zake. Niliwaona vijana wakubwa wakitoka nje kulia nyuma ya tangi la maji kwa sababu ya vile vidole viwili.

Saa ya chakula alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikaa kwenye kizingiti na bakuli lake la obusuma, ugali wa kwetu, na mboga ya mrenda, akiwa ameugeuzia mlango mgongo, na hapo ungeweza kumtania utakavyo. Alicheka upesi na aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. Alijua habari za kila familia kuanzia Lurambi mpaka mjini, nani anaumwa, nani ameuza ng'ombe, binti wa nani amerudi kwao. Mwanafunzi aliyefiwa alimkuta mwalimu ameshafika kwao kabla yake. Ukali wake ulianza pale kizingiti kilipoishia ndani.

Nyumbani kwake alikuwa na viti vya plastiki. Nilivikuta mara ya kwanza nilipokwenda kuwapa pole walipofiwa na mkwe wao, na nilishangaa hata nikasahau maneno niliyokuwa nimeyapanga. Mtu aliyewatia mkononi useremala vijana wa nusu ya kaunti alikuwa anakalia plastiki nyekundu iliyopasuka mguu na kushonwa kwa waya. Nilipomtania baadaye alikasirika kweli. "Nitatengeneza na nini, Madam? Na mbao ya shule?" Hakuwahi kwenda nyumbani na hata kipande cha kuwashia moto. Mkewe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa ameomba rafu ya vyombo tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe, na sasa mtoto huyo alikuwa na watoto wake.

Mageuzi tuliyaona mengi. Kwanza tulikuwa chuo cha ufundi cha kijiji, halafu cha vijana, halafu tukahamishiwa kaunti tukawa kituo cha mafunzo. Kila jina lilikuja na semina katika hoteli fulani mjini, na kila semina ilikuja na mkoba na kalamu na neno jipya. Mwalimu wa useremala alirudi na kalamu. Mwaka ambao neno lilikuwa soko, alirudi amenuna. "Wanasemanga soko. Kila saa, soko. Mimi naendanga soko kila Jumamosi, sijawahi sikia mtu anauliza bei ya ulimi na tundu."

Hata hivyo hakuyachukia mageuzi, na sababu yake ilinichekesha. Kila tulipobadilishwa jina, bango la langoni lilitolewa, na lile la zamani lilikuwa la mbao. Alikuwa wa kwanza kulidai. Kuna wanafunzi waliojifunza kuchonga ndimi kwa bango la chuo cha kijiji, na herufi za rangi ya samawati zilionekana kwenye miguu ya vigoda vyao. Mimi nilivaa miwani nikasoma "KARIBU" chini ya kigoda.

Halafu ikaja mashine. Ilishushwa kutoka kwenye lori mbele ya wakubwa waliopiga picha, mashine nzito ya kunyoosha mbao, imefungwa katika kreti ya mbao nzuri za kigeni. Ilihitaji umeme wa nyaya tatu. Sisi tulikuwa na umeme wa kuwasha taa, na siku za mvua hata huo haukuwapo. Meneja wa chuo aliandika barua, akaandika tena. Mwalimu aliizunguka ile kreti kwa majuma kadhaa, mikono nyuma, na Jumatatu moja tukaikuta mashine imesimama uchi kwenye pembe na wanafunzi wana mbao mpya. Tulicheka sote. Wanafunzi wa mwaka ule walifunzwa kwa mbao bora kuliko zozote tulizowahi kuwa nazo. Lakini paa lilikuwa linavuja pembe ileile, na kufikia mvua za pili mashine ilikuwa imeshika kutu mpaka magurudumu hayazunguki. Leo nikikumbuka kicheko chetu nakasirika, na sijui nimkasirikie nani, yeye au waliotuletea chuma kisicho na umeme.

Wanafunzi wake waliishia wapi? Niliwahi kumuuliza, na alijibu kwa kunihesabia mafanikio: huyu anaezeka Kisumu, yule ana duka la vitanda. Hakuwahesabu wanaoendesha bodaboda, wala wanaolinda mageti ya watu Nairobi, wala wale waliorudi kukata miwa kwa panga, na hao walikuwa wengi. Mtu anayetafuta meza siku hizi anapata ya mbao za kubandika, nyepesi, inang'aa, imefika na lori. Mwalimu alijua hayo. Alipita mbele ya maduka hayo mjini akiangalia upande wa pili wa barabara.

Kisha ukaja mtaala wa umilisi, na hapa ndipo ninapotaka kufika.

Kwa maneno ya kawaida ulisema hivi: mwanafunzi asipimwe kwa karatasi ya mwisho wa mwaka peke yake, apimwe kwa kile anachoweza kufanya. Atakuja mtathmini kutoka nje, atamwangalia akifanya kazi, na kazi iliyokamilika itapigwa picha na kuhifadhiwa iwe ushahidi. Sikuuona ubaya wake, na bado siuoni. Wasichana wangu walioshona vizuri lakini hawajui kuandika insha ya kitambaa waliponea hapo. Mwalimu mwenyewe alifurahi. "Hii umilisi nimefanya kabla hawajaipatia jina," alisema, na ilikuwa kweli tupu.

Darasa lake mwaka ule lilikuwa dogo, na ndani yake alikuwamo Nafula. Nafula alitoka Likuyani, katika familia ya wakulima wa mahindi, akakaa kwa shangazi yake karibu na chuo. Mwalimu hakumtaka mwanzoni. Alimwambia mbele ya watu kwamba mlango wa Madam wa ushonaji uko upande ule, na Nafula akajibu kwamba ameuona, na akasimama palepale. Alipiga randa kuliko wavulana. Kufikia mwisho alikuwa kiongozi wa darasa, na mwalimu alipokuwa mgonjwa ni yeye aliyekalia vigoda, akavisikiliza na kusema kipi ni kiti na kipi bado. Mkandarasi mmoja wa kwao, aliyekuwa anajenga madarasa, alikuwa amemwahidi kazi ya milango na madirisha. Alitaka kitu kimoja tu, cheti. Nafula alituambia habari hiyo huku akishindwa kusimama mahali pamoja.

Meneja wetu alikuwa kijana wa Lugari, mwenye adabu, aliyefanya kazi yake kwa hofu. Alituita ofisini juma moja kabla ya tathmini. Alisema idara ambayo wanafunzi wake hawatafaulu safari hii haitapewa kibali cha kufundisha mtaala mpya. Useremala ungefungwa. Halafu akamgeukia mwalimu wa useremala.

"Mwalimu, naomba sana. Safari hii vitu vikae. Msifungue."

"Vitakaa," akasema mwalimu.

"Hata vumbi yake ikae."

"Meneja, nimesikia. Vitakaa."

Na alikuwa amesikia, mimi nilikuwapo. Lakini asubuhi ya siku yenyewe, sheria ikiwa kwamba mwalimu wao asikanyage ndani, aliwakusanya wanafunzi nje ya mlango, akawatazama makoti, akamfunga mmoja kifungo, na maneno aliyowapa yalikuwa machache. "Msiogope mtu. Fanyeni vile tunafanyanga."

Mtathmini alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyefika mapema na kuwasalimu wanafunzi kwa mkono. Kazi ilikuwa kigoda. Aliuliza gundi iko wapi, Nafula akamwambia hapa hatutumii, yeye akaandika kitu na hakusema zaidi. Wasichana wangu walikuwa wapimwe kesho yake, kwa hiyo ni mimi niliyempelekea chai, na niliona uso wake. Alikuwa anafurahi. Alikuwa ameinama kumtazama kijana akichimba tundu kwa patasi, na kikombe kilipoa mkononi mwake.

Walimaliza mchana. Aliviangalia vigoda juu ya benchi, akasema, "Vizuri sana. Wacha nikule halafu nikuje nipige picha na nijaze alama." Akaenda ofisini kwa meneja, ambako chakula kilikuwa kimeandaliwa.

Mwalimu wa useremala alikuwa amekaa kwenye baraza ya darasa langu tangu asubuhi, mgongo ukutani, hajala. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Tulisikia makofi, pa, mara moja. Ni Nafula aliyeyapiga; kwao kazi ikishasifiwa hufunguliwa, na picha walidhani ni ya karakana safi na wao wenyewe. Halafu nyundo zikaanza, taratibu, zile nyundo za mbao zisizoumiza kazi. Sauti hiyo ilikuwa imezoeleka pale chuoni kiasi kwamba hakuna aliyeinua kichwa. Mwalimu alifumba macho, akatabasamu.

"Unasikia, Madam?" akasema. "Hakuna hata mmoja anagonga na hasira."

Akasikiliza mpaka mwisho. Nyundo ziliponyamaza ukafuata ufagio. Ni ufagio uliomzindua, nadhani. Alifungua macho, akaweka kiganja juu ya sakafu kujaribu kuinuka, na hakuinuka. Tulimwona mtathmini akivuka uwanja na simu yake mkononi.

Niliingia nyuma yake. Wanafunzi walikuwa wamesimama mstari mmoja, wamenyooka, wakingoja kusifiwa. Sakafu ilikuwa safi. Mbao zilikuwa ukutani, ndefu upande wa dirisha, fupi upande wa mlango.

"Viti viko wapi?" akauliza.

"Tumerudisha, Madam," akasema Nafula.

"Mmerudisha wapi?"

Nafula akaonyesha ukuta. Mtathmini alicheka kidogo kwanza, akidhani anataniwa, kisha akaacha, akaketi kwenye benchi. Hakuwa mtu mbaya. Watu wamemgeuza mbaya katika simulizi zao na mimi sikubali. Alitoka nje akapiga simu kwa wakubwa wake, akarudi, akawaambia waviunganishe tena mbele yake. Waliviunganisha haraka, na ulimi uliogongwa ukatoka ukirudishwa mbio hauketi kama mara ya kwanza. Vigoda vilicheza. Na hata ambavyo havikucheza havikuwa na gundi wala msasa wa mwisho wala vanishi, kwa sababu hakuna katika wale watoto aliyewahi kushika vanishi. Karatasi yake ilitaka kitu kilichokamilika, na wao walikuwa wamefunzwa kwamba kukamilika ni pale mbao zinaporudi ukutani.

"Nimewaona na macho yangu mkifanya," aliwaambia. "Lakini siwezi peleka macho yangu ofisi."

Majibu yalipokuja, hakuna aliyekuwa amefikia umilisi. Waliambiwa wanaweza kurudia safari nyingine wakija na vifaa vyao, na hawakuwa na vifaa. Kibali hakikutolewa. Meneja aliipa karakana kazi nyingine: leo ni darasa la ususi, lina vioo na sinki, na wasichana wanajaa, na sina neno baya juu yao. Mbao zilibebwa kwenda jikoni. Mwalimu alisimama kando akaziangalia zikipita, na mpishi, ambaye alimheshimu, alizibeba chache chache akiwa ameinamisha uso. Tulikula maharagwe yaliyoivia mbao zile kwa muda mrefu. Mimi sikuweza kuyala siku ya kwanza, siku ya pili nilikuwa na njaa.

Hakuagwa. Aliajiriwa na bodi ya chuo, si na kaunti, na watu wa bodi huondoka tu. Lakini alikuwa na la kusema, na alilisema kwa kila aliyesimama kumsikiliza, kanisani, barabarani, kwenye matanga. "Walitaka picha. Watoto walifanya kazi yote, mama ameona, halafu akataka picha." Alimlaumu mtathmini, akalaumu simu, akalaumu kaunti na semina na wote walioleta maneno mapya. Kila aliposimulia, yale makofi hayakuwamo, wala ile asubuhi mbele ya mlango. Nilimwacha aseme. Nilikuwa na hasira naye nisiyoweza kuitoa, kwa kuwa mtu huyu nilimpenda.

Mwaka huu nilikutana sokoni na shangazi yake Nafula. Aliniambia Nafula yuko Uarabuni na akanipa namba yake. Juma lilelile nilisikia kwamba mwalimu haoni vizuri tena, nikaona nimekawia vya kutosha, nikaenda kwake mchana baada ya ibada.

Nilimkuta barazani. Macho yalikuwa na ukungu mweupe, na mikono ilikuwa imetulia juu ya magoti, mizima bado. Alinitambua kwa sauti. Mkewe alileta chai, mvua ya mchana ikaanza kama kawaida yake, tukalazimika kusemezana kwa nguvu. Aliniulizia chuo, nikamwambia. Akaniulizia meneja, nikamwambia amehamishwa. Halafu akauliza kile ambacho nilijua atauliza.

"Na Nafula? Ako wapi?"

"Ako Uarabuni, Mwalimu."

"Anachonga huko?"

Ningeweza kumdanganya. Macho yake yasingeniona. "Hapana, Mwalimu. Ameandikwa kwa nyumba ya watu. Anafua, anapika, anaangalia watoto wao."

"Na yule mtu wa milango?"

"Alitaka cheti."

Nilingoja aanze habari ya picha. Mkewe pia alingoja, nilimwona akishika birika bila kumimina. Hakuanza. Alipangusa magoti yake kana kwamba yana vumbi la mbao.

"Meneja aliniambia vikae," akasema. "Aliniambia mara mbili. Mimi nikaenda nikawaambia wafanye vile tunafanyanga."

Mkewe akaweka birika chini.

"Miaka hiyo yote, Madam, hakuna mtoto aliwahi bebea mama yake kitu. Hata moja. Ningewaachia hata moja." Akanyoosha mkono hewani kunitafuta. "Uko na namba yake? Nipigie. Nataka nimwambie ni mimi."

Nikapiga. Iliita kwa muda mrefu, na nilikuwa karibu kukata aliposhika, akinong'ona, kwa sababu watoto wa pale walikuwa wamelala. Nilimwambia ni nani anayetaka kumsalimia. Akapiga ukelele mdogo, kisha akajizuia. Nikampa mwalimu simu, nikamsogezea sikioni.

"Nafula," akasema. "Ile siku ya vigoda. Kosa ilikuwa yangu."

Sauti ya Nafula ilisikika mpaka kwangu, nyembamba, ya furaha, juu ya kelele za mvua. "Kosa gani, Mwalimu? Usiseme hivyo. Wewe hukukosa kitu. Sisi tulifanya tu vile ulitufundisha."

Mwalimu aliishusha simu polepole, akanirudishia bila kuikata. Nafula alikuwa bado anaita, Mwalimu, Mwalimu, uko hapo, mpaka nikaiweka sikioni mwangu nikamwambia yuko, ila mvua ni kubwa na hasikii vizuri.